Chombo Nacho Kina Fungu Lake

(Mazungumzo ya wageni kutoka kisiwa cha Pate, Lamu, mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Yamechapishwa karibu kama yalivyosemwa.)



Kwanza tunawashukuru kwa kutupokea. Tangu tufike tumekula mahindi na maharagwe hata mmoja wetu anasema akirudi nyumbani mkewe hatamjua. Nasi tuliwaletea ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi na jua, na tumeona baadhi yenu wakiwanusa na kuwarudisha sahanini polepole. Si neno. Hata sisi mara ya kwanza kuona mursiki tuliuliza imeingiwa na nini.

Jana usiku mama mmoja wa hapa alituuliza swali. Alisema: "Nyinyi mnaishi katikati ya maji. Samaki wako mlangoni. Hamngoji mvua, hamnunui mbolea, hampalilii. Sasa shida yenu ni gani?" Watu walicheka, lakini sisi hatukulala upesi. Tulikuwa tumekuja na mazungumzo mengine tuliyoyaandika kwenye karatasi, tukaamua tuyaache, tujibu swali la mama.

Sisi ni Wabajuni. Wengine hutuita Watikuu. Kwetu ni visiwa vya kaskazini mwa Lamu. Kuna Pate, ambako kuna miji ya Faza, Kizingitini, Tchundwa, Mbwajumwali na Myabogi. Halafu Ndau, Kiwayu, na vijiji vya pwani ya bara mpaka Kiunga. Lakini Wabajuni hawaishii Kiunga. Ukivuka mpaka, visiwa vinaendelea, Chula, Koyama na vinginevyo, mpaka Kismayu. Mpaka uliwekwa juu ya ardhi, na upepo hauujui, kwa hivyo kila mmoja wetu ana shangazi au mjomba upande wa pili. Vita vilipochacha Somalia mwaka wa 1991, jamaa zetu hao walikuja kwa vyombo, wamejaa kama dagaa, wengine wakapita mpaka Mombasa. Lugha yetu ni Kibajuni, nacho ni Kiswahili, ijapokuwa mkitusikia tukigombana wenyewe kwa wenyewe mtafikiri ni Kigiriki.

Mama alisema hatulimi. Hapo tunaomba kumsahihisha kwa heshima. Tulikuwa tunalima, tena sana. Wazee wetu walikuwa na mafiga matatu. Figa la kwanza ni bahari. La pili ni mikoko, ile miti inayoota ndani ya maji ya chumvi. La tatu ni shamba, na shamba halikuwa kisiwani bali ng'ambo, bara. Mtu alivua samaki wakati wake, msimu wa kulima ukifika anapakia jembe, mbegu na watoto katika dau, anavuka. Huko walifyeka msitu, wakachoma, wakapanda mtama, mahindi, simsim na pamba. Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma walikesha wakiimba vave. Hizo ni tungo za wakulima wa Kibajuni, ndefu, zenye maneno ambayo hata sisi mengine hatuyafahamu tena. Kwa hivyo mkisikia "watu wa bahari," jueni kwamba watu hao walikuwa na nyimbo za shamba.

Hata nyota ni hivyo. Kuna kundi la nyota ndogo zilizosongamana, sisi tunaziita Vilimia. Jina lenyewe latokana na kulima. Nahodha na mkulima walitazama nyota hizo hizo kujua majira yamefika wapi. Bila shaka hata wazee wenu wana jina lao kwa nyota hizo. Tutaomba mtufundishe kabla ya kuondoka.

Basi figa la shamba lilikuwa la kwanza kuondoka. Vita vya Shifta, 1963 mpaka 1967, vilitukuta huko bara. Vijiji vingi vya mwambao ule vilihamwa, watu wakakimbilia visiwani na nguo walizovaa. Wengi hawakurudi tena. Mashamba yakawa msitu, na msitu ukawa wa wanyama na wenye bunduki. Kila watu walipoanza kurudi kidogo kidogo, usalama uliharibika tena. Mzee mmoja kwetu alikuwa akikaa barazani kila jioni akitazama ng'ambo, mahali palipokuwa shamba la babake. Maji yenyewe si mapana, kwa dau ni safari fupi. Alikufa bila kuvuka.

Figa la mikoko nalo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Zamani majahazi ya Waarabu yalikuja na upepo wa kaskazi, yameleta tende, chumvi na mazulia, yakarudi na kusi yamepakia boriti kwa ajili ya kuezekea nyumba huko Arabuni ambako hakuna miti. Mkataji wetu alijua kila mti na kazi yake. Mkoko wenyewe, muia, mkandaa, na mlilana ambao hufaa kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Na miti ilihesabiwa kwa unene wake. Fito, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo. Mwaka wa 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Mwaka wa 2018, mwezi wa Februari, ukataji ukasimamishwa katika misitu ya serikali nchi nzima. Hatusemi mikoko ikatwe ovyo. Samaki na kamba hukulia katika mizizi yake, na sisi ndio wa kwanza kujua mahali palipokatwa vibaya, maana hapo hatupati kitu. Tunasema tu kwamba figa la pili nalo lilitikisika, na sufuria yote ikaja kuegemea bahari.

Na bahari si mlango wazi kama mama anavyofikiri. Nyinyi mnangoja mvua. Sisi tunangoja upepo. Kuanzia kama mwezi wa Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, bahari inakuwa safi, wapiga mbizi wanaona chini. Huo ndio wakati wa kamba mawe. Vijana wetu huwatoa kwenye mapango ya miamba, na wengine hutumia pweza. Pweza hufungwa kwenye kijiti, akaingizwa pangoni, na kamba akimwona adui yake hutoka mwenyewe mbio. Kuanzia Aprili huja kusi. Mwezi wa Juni na Julai kusi ni kali, mawimbi nje ya mwamba yanakuwa kama nyumba, na chombo kidogo hakitoki. Huo ndio ukame wetu. Kwenye ukame wenu ng'ombe wanakonda, kwenye ukame wetu wanakonda watoto na wenye duka wanaandika madeni. Halafu ikifika Oktoba na Novemba huja matlai, upepo mwanana kutoka mashariki, na watu wanapumua.

Tena kuna bamvua na maji mafu, siku za maji kujaa na kutoka sana na siku za maji kutulia. Akina mama wakishuka mwambani kutafuta pweza, ni lazima wajue siku na saa, la sivyo maji yatawakuta huko. Kuhusu maji ya kunywa hatuhitaji kuwaeleza sana. Kisiwani tumezungukwa na maji na hatuna ya kunywa. Tunakinga mvua kwa jabia, yaani sakafu pana iliyosakafiwa inayopeleka maji katika birika kubwa chini. Jana mlituonyesha mwamba wenu mlioujengea ukuta wa kukinga mvua. Tulipouona tulitazamana. Hiyo ni jabia kabisa, ila yenu iko mlimani.

Sasa tuje kwenye chombo, maana hapo ndipo jibu la mama lilipo.

Mababu zetu walijulikana kwa chombo kimoja kilichoitwa mtepe. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa matundu pembeni, zikashonwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mama anavyoshona kikapu. Tanga lake lilikuwa la mkeka uliosukwa, la mraba, si la pembe tatu kama ya sasa. Omo yake, yaani upande wa mbele, ilitokeza kwa urefu, na wazee walisema ni mfano wa shingo ya ngamia wa Mtume. Kwa kuwa mbao zilishonwa, mtepe uliweza kupinda kidogo. Ukigonga fungu la mchanga haukupasuka bali ulijinyonga, ukatulia. Mtepe wa mwisho ulitoweka katika miaka ya 1930. Siku hizi ukitaka kuuona utauona kwa mfano wake katika jumba la makumbusho.

Lakini kuna jambo moja kuhusu mtepe ambalo makumbusho hayaonyeshi. Mtepe ulivuja. Ulivuja siku zote, mpya na mzee. Mabaharia walifua maji, yaani waliyachota na kuyamwaga nje, mchana na usiku, kwa zamu. Na hakuna aliyesema kwamba chombo ni kibaya. Kufua maji ilikuwa sehemu ya kusafiri. Hata vyombo vya leo vya misumari ni hivyo, kila mwaka huvutwa pwani wakati wa kusi, vikapigwa kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa katika nafasi za mbao kwa patasi na nyundo, kisha mbao hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu ambayo kijana akirudi nayo nyumbani hakaribishwi kitandani. Gharama hiyo haikwepeki. Swali ni nani atailipa.

Wazee walilijibu swali hilo kwa fungu. Chombo kikirudi, samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa masarufi, yaani chakula cha mabaharia na vitu vilivyotumika. Kinachobaki hukatwa sehemu mbili, na kwetu mara nyingi huwa nusu kwa nusu. Nusu moja ni ya watu. Nusu nyingine ni ya chombo. Katika nusu ya watu kila baharia hupata fungu moja na nahodha mawili. Kwa hiyo chombo chahesabiwa kama mtu, tena mtu mzima mwenye njaa kubwa. Haendi mtu kukiuliza kama kimeshiba.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme samaki wameuzwa shilingi 12,000. Masarufi ni 3,000. Zimebaki 9,000. Chombo kinachukua 4,500. Zilizobaki, 4,500, ni za watu watano, nahodha na mabaharia wanne. Mafungu ni sita. Kila fungu ni 750. Baharia anakwenda nyumbani na 750, nahodha na 1,500. Mahali pengine nyavu pia hupewa fungu lake, na siku hizi hata mashine.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mpango huo ulikuwa wa haki tupu. Nusu ya chombo ilikwenda kwa mwenye chombo, na mwenye chombo mara nyingine alikuwa tajiri asiyelowesha hata kidole cha mguu. Mwaka mbaya baharia alikopa kwake, mwaka mzuri akamlipa, na maisha yakaenda hivyo mpaka uzeeni. Wengi wetu tumelelewa na baba wa namna hiyo, mwenye deni. Kwa hivyo ulipokuja mradi, tulisema ufukara umekwisha.

Mradi wenyewe ni huu. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja, jina tunaliacha, lilitupa boti ya faiba, mashine ya nguvu ya farasi 40, nyavu na sanduku kubwa la barafu. Kikundi chetu kilikuwa na watu 24, wanaume kwa wanawake. Siku ya kukabidhiwa kulikuwa na ngoma, pilau na hotuba nne. Tulipewa na kijitabu cha kanuni. Kijitabu kilisema kwamba desturi ya zamani ni ya kunyonyana, kwamba boti ni ya wote, na faida igawanywe sawa kwa wanachama wote. Tulipiga makofi, kwa kweli tulipiga kwa moyo.

Mzee mmoja fundi wa vyombo alikuwa amekaa nyuma juu ya gogo. Akauliza, "Na chombo je?" Mwenyekiti wetu akamjibu, "Mzee, chombo ni cha kikundi." Watu wakacheka. Mzee akanyamaza.

Kaskazi ya kwanza ilikuwa ya neema. Tulitoka nje ya mwamba mbali kuliko vyombo vya tanga, tukarudi mapema samaki wangali wabichi. Kila Ijumaa tulikutana tukagawana mafungu 24, na wale waliokesha baharini walipata sawa na wale waliolala. Vijana walianza kunung'unika. Tukasema ni choyo. Kisha ikaja kamati. Kamati ilikuwa na watu tisa, na boti ilitakiwa kutoka kwa ruhusa yao. Siku moja nahodha ameona upepo ni mwema, maji yako sawa, anataka kutoka saa kumi usiku. Katibu amelala, mweka hazina amekwenda Lamu na ufunguo wa tangi la mafuta. Siku nyingine upepo ni mbaya, nahodha anakataa, kamati inamwambia toka, tuna deni la barafu. Ule msemo wa manahodha wengi chombo huenda mrama tuliujua tangu utotoni, lakini tulifikiri unahusu watu wengine.

Na boti haikupewa kitu. Wiki baada ya wiki ilifanya kazi kuliko sisi wote na haikula. Kusi ilipoingia, mashine ikaanza kupata moto, ikazima katikati ya mkondo, vijana wakapiga makasia mpaka magharibi mikono ikachubuka. Fundi alisema inataka vipuri kutoka Mombasa. Tukatazama katika sanduku la kikundi, mlikuwa na daftari, risiti na shilingi 340. Tukafanya harambee. Wanachama 24 wakatoa ahadi 24. Mashine ilipelekwa Mombasa ikakaa huko. Tukawaandikia wafadhili, nao wakatujibu kwa adabu kwamba mradi umekwisha muda wake. Boti ikapinduliwa pwani. Watoto waliifanya mahali pa kuteleza, na kuku wa jirani akaja kutagia chini yake. Mama mwenye kuku alisema huo mradi kwake umefaulu.

Tulilaumu shirika kwa mwaka mzima. Kisha tukalaumiana. Nyumba mbili za jamaa zilifika mahali pa kutosalimiana, mpaka harusi moja iliahirishwa. Hayo ndiyo yaliyotuuma, siyo mashine.

Aliyetutoa hapo ni yule mzee fundi. Alituita chini ya mkungu wake akatuambia, kwa Kibajuni, maneno ambayo tukiyageuza ni hivi: mlimfukuza tajiri, vyema, lakini mlifukuza na fungu lake. Tajiri alikuwa akichukua nusu, ni kweli, lakini katika nusu hiyo alinunua tanga, alilipa kalafati, alibadilisha mlingoti. Nyinyi mmeila nusu hiyo mkasema ni faida. Haikuwa faida. Ilikuwa ni mbao na mashine mnazitafuna.

Tulikaa tukafanya hesabu yote upya kutoka katika daftari. Kwa kaskazi ile moja tu, kama chombo kingepewa nusu ya fungu lake la zamani, pesa za vipuri zingekuwepo, na nyingine zingebaki.

Sasa tunavyofanya ni hivi. Boti ile na mashine yake tuliiuza kwa bei ya hasara, tukaongeza za mchezo wa akina mama, huo mnaouita merigoraundi, tukanunua mashua ya mbao, ya tanga, iliyotumika. Mashine ndogo tuliinunua baadaye. Nahodha ni mmoja. Baharini neno lake halijadiliwi na kamati. Akirudi pwani, mtu yeyote anaweza kumwuliza lolote. Mgawo hufanyika pale pale mchangani mbele ya watu, si Ijumaa ofisini. Samaki wa kitoweo tunawaweka mafungu mafungu, mmoja anageuka nyuma, mwingine anagusa fungu na kuuliza "Hili la nani?", naye anataja jina bila kuona. Hakuna aliyewahi kulalamika juu ya mgawo huo, isipokuwa kwa Mungu.

Pesa tunagawa kama wazee, nusu ya watu na nusu ya chombo. Ila nusu ya chombo haiendi kwa tajiri. Tuseme ni zile 4,500: 3,000 zinaingia katika sanduku la chombo, na 1,500 ni za wanachama wasiotoka baharini. Sanduku la chombo lina funguo tatu kwa watu watatu, na mmoja ni mama mkaanga samaki ambaye tunamwogopa wote. Pesa hizo hazikopeshwi. Si kwa mgonjwa, si kwa karo, si kwa maiti. Kwa mambo hayo tuna mfuko mwingine, mdogo. Kanuni hii imetugombanisha mara mbili, na mara moja tulimwona mwenzetu akilia, na sanduku halikufunguliwa. Tulichanga mifukoni mwetu. Hatujui kama mtatuona watu wakatili.

Shida nyingine tunazo ambazo sanduku haliziwezi. Baada ya mashambulizi ya 2014 iliwekwa amri ya kutotoka usiku, na kwa miaka kadhaa tukazuiwa kuvua usiku, ilhali jarife, wavu wa samaki wakubwa, hutegwa usiku. Kisha bandari mpya ya Lamu. Ilichimbwa mahali ambapo watu walivua, na wavuvi wakaenda mahakamani. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ikasema wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, meli kubwa zikaanza kuingia. Vijana wetu wanaziona zikipita, nao wengi wanataka pikipiki. Kijana anayejua kupiga kalafati sasa ni wa kuhesabika. Yule mzee fundi ana wanafunzi wawili, na mmoja wao ni msichana, jambo ambalo limewapa watu wa barazani maneno ya mwezi mzima.

Mama, hilo ndilo jibu letu. Samaki wako mlangoni, lakini kati ya mlango na samaki kuna chombo, na chombo huvuja.

Na kabla hatujakaa, tunaomba ruhusa tuseme neno moja la wageni. Jana mlitupitisha kwenye nyumba ya mashine yenu ya kusaga. Ni nyumba nzuri, ina kibao cha rangi. Mlangoni kuna kufuli, na kufuli lina kutu. Tulipouliza mkasema mkanda ulikatika tangu mwezi wa tatu, na akina mama wamerudi kutembea mpaka sokoni na debe kichwani. Hatukuja kuwacheka, kuku wa kwetu alitaga chini ya boti. Tungependa tu, kama mwenyekiti ataruhusu, daftari la mashine lije hapa mezani baada ya chai, tufanye hesabu ile ile pamoja, tuone ilisaga magunia mangapi na fungu lake lilikwenda wapi.

Sisi kesho kutwa tunarudi. Tuliiacha mashua juu ya magogo, upande mmoja umekwisha kalafati, mwingine bado. Sandukuni zilikuwamo shilingi 41,300. Pamba, mafuta na misumari vimekula 18,000, na tanga linataka kiraka. Matlai iko karibu, na tunataka bamvua ijayo ikute mashua tayari, tuisukume majini.

Mwenye swali aulize. Mama wa jana aanze.